Malalamiko Dhidi ya Ua Lililokataa Kuhama Msituni

Ndugu Afisa Misitu,

Natumai u mzima na ofisini hawajambo. Mimi ni kinyozi wa pale kona ya sokoni, mtu nisiyependa makuu. Naandika kwa heshima zote kumshtaki kwako mkazi mmoja wa msitu: lile ua dogo la zambarau lenye kichwa kilichoinama, ambalo sisi tunaliita mwonahaya.

Mama yangu mzazi anasumbuliwa na magoti. Tangu mvua zianze wimbo wake ni mmoja tu, kwamba anatamani kuliona ua hilo walau mara moja tena. Nikajitolea kumletea. Hapo ndipo dharau zilipoanza.

1. Ua hili linaringa. Nimelichimba mara tatu, nikalipanda kwenye ndoo mpya, dirishani, penye jua safi. Mara zote tatu limekauka kabla ya Ijumaa. Mteja wangu mmoja, mwalimu, akaniambia eti linataka kivuli. La nne nikaliweka chini ya kitanda. Likafa pia.

2. Linachagua makazi. Halioti popote ila kwenye ule mteremko wa juu ya kijito, chini ya miti mikubwa, penye majani yaliyooza. Jamani, majani yaliyooza mimi nitayatoa wapi? Nilitia nywele za wateja badala yake, wala halikushukuru.

3. Linachanua wiki mbili tu kwa mwaka, bila taarifa, tena wakati saluni imejaa hadi mlangoni.

4. Kwa kuwa haliji bila miti yake, naomba miti ije nalo. Uani kwetu inaenea minane, tukiisogeza kamba ya nguo. Kijito kipite nyuma ya choo. Mteremko nitauchimba mwenyewe Jumapili. Ofisi ikiona taabu, basi nyumba yetu ihamishiwe msituni, ila saluni ibaki, maana wateja wameizoea.

Naumia, Ndugu Afisa. Mama halalamiki, anaitazama tu ile ndoo, nami najiona mtoto nisiyefaa kitu.

Nisalimie karani wako, watu wote wa nyumbani, mlinzi wa lango la msitu, na mbwa wake, ambaye sasa tunafahamiana naye vizuri.

Wako mtiifu, ingawa nimenuna,
Kinyozi wa Kona

Nyongeza: Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Amecheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza ni nani aliyeniagiza ua. Yeye, anasema, alitaka kwenda. Akae pale juu ya kijito, nami nikae naye siku nzima, bila mashine ya kunyolea mkononi. Kumbe sikuwahi hata kumuuliza! Nimeshabandika karatasi ya "Tumefunga" kwenye mlango wa saluni, na jirani mwenye gari anatusubiri nje. Miti iache hapo hapo ilipo. Tunakuja sisi.