Jiwe la Jonah

Jumatatu, 3 Machi. Emali.

Jonah ana jiwe kwenye kibofu. Taarifa hiyo imetolewa leo asubuhi na Daktari Kiema wa mifugo, mbele ya mke wangu Mutindi na mbele yangu, ingawa mimi sikutazamwa. Jonah ni simbilisi. Mnyama wa ukubwa wa kiatu changu, hana mkia, hana kazi. Binti yetu Nthenya alituachia alipokwenda chuo kikuu. Jonah ana miaka sita, na kwa simbilisi huo ni uzee.

Daktari alieleza njia mbili. Apasuliwe, jiwe litolewe, na huenda moyo wake usistahimili dawa ya usingizi. Au aachwe apewe dawa za maumivu, aishi miezi michache akikojoa damu. Hakusema ipi ni bora. Alisema uamuzi ni wa wenye nyumba. Alisema hivyo akimtazama Mutindi peke yake.

Anashuku maji ya kisima, kwa sababu ya chumvi. Mimi nayanywa maji hayo hayo tangu tuhamie hapa. Hakuna aliyewahi kunipiga picha ya kibofu.

Nimekuwa ripota wa redio tangu Kiema akiwa na kaptula ya shule. Nimetangaza ukame, mafuriko na chaguzi bila sauti kutetemeka. Kwa hiyo naandika bila hisia: sauti ya kijana yule ni ya upole kupita kiasi.

Msimamo wangu: asipasuliwe. Akipasuliwa, Kiema atakuwa akija kutazama kidonda.

Jumanne, 4 Machi.

Kiema amekuja. Hakuitwa. Alidai alikuwa anapita tu, anaelekea kwa ng'ombe mgonjwa. Ng'ombe wa mtaa huu wote wako ng'ambo ya reli. Nimethibitisha.

Alipewa chai katika kikombe chenye kisahani. Vikombe vile vilinunuliwa askofu alipotutembelea. Mimi nilipewa cha bati.

Mutindi alimuuliza maswali mengi. Je, mnyama aliyelazwa huhisi kisu? Akiamka atajua yuko wapi? Kiema alijibu yote akiwa amechuchumaa, kiganja juu ya mgongo wa Jonah. Sikumbuki ni lini mke wangu aliniuliza swali lisilohusu mtungi wa gesi.

Mpango: maoni ya pili. Nampigia Daktari Waruguru wa Kasikeu, niliyewahi kumhoji kuhusu chanjo ya mbuzi. Mwanamke mkavu wa maneno. Atasema mzee aachwe apumzike. Kiema ataaibika, na vikombe vitarudi kabatini.

Jumatano, 5 Machi.

Waruguru alifika, akamshika Jonah, akamminya tumbo, akatazama picha. Akasema picha ni safi na kwamba Kiema hajakosea hata neno moja. Kisha akaongeza kwamba Kiema alijifunza kazi mikononi mwake. Akampigia. Kijana alifika kabla birika halijachemka.

Visahani viwili mezani. Walizungumza juu ya meno ya Jonah jinsi watu wanavyozungumza juu ya shamba zuri. Mwaka jana mgongo uliniuma msimu mzima. Mutindi aliniambia niketi wima.

Wageni walipoondoka, Mutindi alinishukuru kwa kumwita Waruguru. Alisema hakujua kwamba namjali Jonah kiasi hicho. Sikumkosoa. Ripota hamkatizi mtu akitoa kauli nzuri.

Alhamisi, 6 Machi.

Mpango mpya: kanisa. Nilimwendea Mzee Mulinge, kiongozi wa ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba. Nilimweleza kwa siri kwamba kuna familia inayomlilia panya wakati mvua haijaonekana na watu wana shida za kweli. Nilitarajia karipio. Alitikisa kichwa, akasema jambo hilo ni zito, na kwamba ushirika utakuja leo hii hii.

Walikuja. Wote. Kila mmoja na kifungu cha sukuma wiki, na kimeoshwa. Waliimba. Mulinge aliomba, akamkumbusha Mungu kwamba Nuhu hakuuliza mnyama umri wake mlangoni pa safina. Baadaye wakagawanyika. Upande mmoja ulisema kupasua ni kukosa imani. Upande mwingine ulisema mkono wa daktari nao umeumbwa. Walibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyefikiria kwamba simbilisi aachwe tu.

Wakati wa kuagana, Eunice wa kwaya alinishika mkono. "Ndugu Kaloki, umekonda kwa huzuni. Mungu ameuona moyo wako."

Nimekonda kwa sababu sukuma wiki yote inaliwa na Jonah.

Nilipougua malaria, ushirika huo huo ulituma salamu. Kwa simu. Simu yenyewe ya Mutindi.

Ijumaa, 7 Machi.

Silaha ya mwisho: mama mkwe. Mama Kathini wa kijiji cha Tulia ni mkulima, mjane, mtu aliyezika madume ya ng'ombe bila chozi. Nimemtumia ujumbe kupitia jirani yake kwamba binti yake hali, halali, kwa ajili ya panya. Jibu limekuja: atafika kesho. Ushindi!

Baadaye. Nimekumbuka nthoni. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawaketi benchi moja, hawalali chini ya paa moja. Siku hizi wengine hawajali. Kathini anajali. Nyumba yetu ina paa moja. Mila hii nimeitangaza redioni mara nyingi, hata nikasifiwa kwa kuieleza vizuri.

Jumamosi, 8 Machi.

Mama mkwe aliingia kwa mlango wa mbele. Wakati huo huo nilitoka kwa mlango wa nyuma nikiwa na godoro. Heshima ilihifadhiwa.

Sasa ninaishi katika banda lililokuwa la kuku. Lina mpangaji mwingine: kizimba cha Jonah kiko humu.

Mawasiliano yanapitia kwa Mutindi. Nasimama uani, namwambia yeye. Yeye anamwambia mama yake, aliye dirishani na ambaye amenisikia vizuri. Jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa njia hiyo nilimwomba mama atoe uamuzi kama mtu aliyefuga maisha yake yote.

Uamuzi ulitolewa saa sita mchana, kupitia Mutindi. Mama amesema ng'ombe mzee akiugua huchinjwa akaliwa, na hiyo ni haki. Lakini huyu haliwi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwacha afe.

Pia aliuliza, kupitia Mutindi, ni kwa nini mwanamume mwenye afya yuko katika banda na kizimba bado ni kichafu.

Nimekisafisha.

Jumapili, 9 Machi.

Sikwenda kanisani. Suruali yangu nzuri iko ndani kwa mama mkwe.

Yafuatayo nimeyaona mwenyewe. Jonah hujikunja pembeni, huinua mgongo, kisha hulia akikojoa. Sauti nyembamba, kama breki ya baiskeli. Ikipita, anarudi kwenye majani na kutafuna kama mtu mwenye haraka. Na nikifungua mlango, ananipigia mluzi. Zamani mluzi huo ulikuwa wa Mutindi tu. Nilitoka, nikaingia tena ili kuhakikisha. Akapiga tena.

Mutindi aliniletea chakula, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikaanza kumfupishia hali ilivyo: Kiema anasema hivi, Waruguru vile, Mulinge vile, mama yake vile. Akaniinulia mkono.

"Baba Nthenya, hao wote nimewasikia. Nikimwacha, nimemtesa. Nikimpeleka, pengine nimemuua. Nthenya akinipigia simu anataka kusikia huo mluzi kwanza. Wewe ndiye unayelala naye hapa. Wewe unaonaje?"

Kazi yangu ni kuuliza. Si kuulizwa. Nilitafuta mtu wa kumnukuu, nikakosa.

"Apasuliwe," nilisema. "Analia kila akikojoa. Lakini bado anataka kula."

Akasema basi, apasuliwe, na kama atakufa atakuwa amekufa akisaidiwa. Aliegemeza bega lake kwenye langu kwa muda mzuri. Naandika bila hisia: ilikuwa vizuri.

Kisha akatoa simu na kumpigia Kiema. Bega likiwa bado pale pale.

Jumatatu, 10 Machi.

Upasuaji utafanyika Alhamisi, tarehe 13, saa mbili asubuhi, katika kliniki ya Kiema nyuma ya soko. Yeye mwenyewe amethibitisha. Waruguru atasimamia dawa ya usingizi. Mama mkwe ametangaza, kupitia Mutindi, kwamba hataondoka kabla kidonda hakijapona. Kwa hiyo na mimi sitatoka bandani. Sina pingamizi.

Pingamizi langu ni jingine. Kiema alikuja leo kumpima Jonah uzito. Alipofungua mlango wa banda, Jonah akapiga mluzi. Mluzi ule ule! Mimi niliyelala kichwa changu kikigusa kizimba chake! Kiema alicheka, akasema simbilisi humpigia mluzi yeyote anayeweza kuwa na majani. Hivyo ndivyo anavyosema mtu asiyemjua Jonah.

Upasuaji siupingi. Ninachopinga ni Jonah kufumbua macho baada ya usingizi ule na sura ya kwanza kuiona iwe ya Kiema.

Nimempigia Daktari Ngure wa mji wa Wote. Nataka maoni ya tatu, juu ya nani anafaa kushika kisu. Anasifiwa kwa wanyama wadogo. Hata kwenye simu ana sauti ya upole sana. Atafika Jumatano, saa nne asubuhi. Mutindi nitamweleza mgeni akishaketi.