Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Wenzangu wa River Road, leo nimejiaibisha. Nawaandikia mapema kabla mke wangu Rebeka hajawafikia, maana yeye akisimulia ataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji hata chembe.

Mnajua mama mkwe alikuja kutoka Maragoli wiki iliyopita kumchukua Rebeka na mtoto. "Nairobi si mahali pa kulea mtoto," alisema. Hakuniambia mimi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawaketi karibu. Basi maneno yote yanapitia kwa binti yangu Ayuma, mwenye miaka mitano (na sauti ya tarumbeta).

Nikawaza: nimtembeze milimani, huenda moyo ukalainika. Daktari ninayemwendeshea gari hapa Spring Valley akaniazima gari lake, na barua ya kuonyesha langoni mwa mbuga. Tukaondoka alfajiri. Mimi mbele peke yangu, wao watatu nyuma, katikati tumetundika shuka nyeupe iwe pazia. Kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kikaangalia paa. (Dereva wa miaka minane, leo naendesha kwa kusikiliza!)

Mpaka Nyeri mambo yalikuwa mazuri. Tulipoingia mbuga ya Nyandarua na kuanza kupanda, ukungu ukashuka. Saa sita mchana, na taa nimewasha! Mianzi ikaisha, ikaja miti yenye ndevu za kijivu. Hakuna ndege aliyelia. Kwenye tawi moja niliona kiatu cha mpira wa gari, kimoja tu, kinaning'inia. Mnajua wapiganaji wa uhuru waliovaa viatu vile katika msitu huu, na wangapi hawakutoka.

"Mwambie baba yako asimame," ikasema sauti nyuma ya shuka.

"BABA! NYANYA ANATAKA KUKOJOA!"

Nikasimama. Kwa heshima nikashuka, nikatembea mbele, mgongo nimewapa, hatua kama hamsini. Nilipogeuka, gari halikuonekana. Ukungu tu. Nikatega sikio, nikasikia maji yakidondoka.

Halafu: "Zakayo."

Jina langu, polepole, karibu sana, kama mtu anayeniamsha. Kwetu mtu haitwi jina porini, hata mtoto analijua hilo. Kisichojulikana kikilisikia jina lako, kitalitumia. Kwa hiyo anayekuita jina porini si mtu! Sikuitika. Nikaanza kusali, nikakwama kwenye "utupe leo" (chakula chenyewe sikukitamani tena).

Ndipo nikakiona. Kirefu, cheupe, hakina uso, kinakuja barabarani bila kishindo.

Jamani, nilikimbia! Nilikizunguka kupitia vichakani, kofia ikabaki huko, mpaka goti likagonga bati la gari. Nikafungua mlango wa kwanza nilioupata, nikajitupa ndani, nikazika uso mapajani mwa mke wangu na kumkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili.

"Rebeka wangu! Nimeona zimwi! Funga mlango! Nakufa!"

Rebeka hakujibu. Nguo yake ilinuka tumbaku ya kunusa.

Rebeka hanusi tumbaku.

"Baba," akasema Ayuma, mara ya kwanza maishani kwa sauti ndogo, "huyo ni nyanya."

Kile kitu cheupe kikachungulia mlangoni. Alikuwa Rebeka, amejifunika ile shuka kichwani kwa sababu ya manyunyu, alikwenda kunitafuta. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi, mikono bado kiunoni. (Ilikataa kuachia.)

"Baba Ayuma! Ni nini hii unafanya?"

"Si wewe uliniita!"

"Nikuite porini? Mimi niko na wazimu? Sijafungua mdomo tangu nitoke kwa gari."

Nje ukungu ulikuwa umefika kwenye vioo. Nikapanda mbele, nikageuza gari, na sikusimama tena mpaka Thika.

Nilijua nimekwisha. Kumgusa mkwe ni mwiko unaosafishwa kwa kuchinja kondoo. Kumlilia mapajani, sidhani wazee wetu waliwahi hata kufikiria. Tulipofika nyumbani jioni hii nikasimama kando ya gari nikitazama viatu vyangu, nasubiri kuambiwa basi la kesho linaondoka saa ngapi.

"Ayuma, mwambie baba yako," akasema mama mkwe, amenipa mgongo, "nilikuja kumchukua mama yako. Nimeghairi. Mwanamume analia hivi mchana, nikimwacha peke yake usiku atamkimbilia nani?"

Ayuma akayarudia yote, neno kwa neno. Spring Valley nzima ikasikia, pamoja na daktari.

Basi Rebeka anabaki. Nimeshinda, ndugu zangu, ila ushindi wenyewe naomba msiutangaze.