Wakwe Waliolikimbia Gari Langu la Deraya

Kampemba, Lubumbashi
Jumatatu asubuhi

Kwa Papa Adalbert Lombe, baba yake Clovis, na kwa ukoo wake wote, popote ulipofikia katika kukimbia.

Mheshimiwa Papa Adalbert,

Ninakuandikia kwa heshima zote anazostahili mtu ambaye mwanawe anataka kumwoa binti yangu Syntiche. Natumaini mmeshapumzika. Natumaini pia mbuzi amepatikana, maana nilipomwona mara ya mwisho alikuwa mbele yenu nyote, akielekea kwenu, komini ya Kenya, hapa hapa mjini.

Papa, nimeumia. Mlikuja Jumamosi kuposa, kama mila inavyotaka, na vitenge vya mama, na mbuzi, na msemaji aliyevaa koti. Mkafika getini, mkaliona gari langu, mkageuka. Nawe unajua kama nijuavyo mimi: kwetu, wajumbe wa posa wakigeuza mgongo mlangoni kabla ya salamu, maana yake msichana amekataliwa. Sasa dada zangu wanasema Syntiche amekataliwa, naye hali wala haongei nami. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, ili mtu asiseme nina hasira. Hasira ninayo, lakini ina mpangilio.

1. Gari ni la deraya, sikatai. Lilikuwa la jeshi zamani, kabla mimi na wewe hatujaota ndevu. Nililikuta Kambove kwa muuza vyuma chakavu, kuku wakitagia ndani, nikalihurumia. Tangu nistaafu ufundi wa reli, wenzangu wanakunywa bia, mimi nachomelea. Kila mtu na ugonjwa wake. Mwanao Clovis mwenyewe huja kila Jumapili baada ya misa kunishikia spana, na Syntiche hutuletea maji, mengi kuliko kiu yetu. Basi ukoo wenu usiseme haukulijua.

2. Shangazi yenu Laurentine aliwapigia watu wenu kelele, mtaa mzima ukasikia: «Bantu, tukimbie, vita imerudia!» Papa, ule si mzinga. Ni bomba la choo. Mzinga wenyewe uling'olewa zamani, nami nikaona gari la deraya bila mzinga ni uso bila pua, nikachomelea bomba. Mtu mzima kukimbia bomba la choo ni aibu kubwa, ambayo kwa upole wangu nimewasimulia watu wachache tu wa parokia.

3. Mnasema niliwaelekezea mdomo wa bomba. Ndiyo, niliwaelekezea. Mlitaka niwaelekezee makalio? Mgeni hapokewi kwa mgongo. Majirani walisukuma tangu alfajiri mpaka gari likatazama geti, kwa heshima yenu. Nililipaka rangi mpya. Nikachomeka maua mdomoni mwa bomba, mekundu na meupe, ambayo mngeyaona kama mngekaribia badala ya kutawanyika.

4. Inasemekana askari alitokea juu ya gari. Askari huyo ni mimi, Papa, mkwe wako. Nilikaa ndani nikiwangojea, ili mkifika nifungue kifuniko na kuwakaribisha. Miwani myeusi ni ya kuchomelea. Kofia ya chuma ilikuja na gari. Moshi ulikuwa ubani, maana wakwe wanapokelewa mahali penye harufu nzuri. Nilitamka neno moja tu, «Karibuni!», na kama ndani ya chuma sauti ya mtu inakuwa kubwa, hilo si kosa langu. Msemaji wenu akanijibu kwa kuingia mtaroni na koti lake. Nimewauliza wazee wote wa hapa, na hakuna anayejua mila ambayo msemaji hujibu kwa kuingia mtaroni.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Gari hilo halitembei! Tangu lifike kwangu halijawahi kuwaka, hata kukohoa. Kina mama wa jirani wanaanika muhogo juu yake, nao unakauka vizuri. Mke wangu Honorine husimama mbele yake bila woga wowote na kuniambia: «Ephraïm, ule mutoto atazeekea mu nyumba, na weye uko unapakala chuma rangi.» Nakuambia kama fundi: mtu mwenye akili hakimbii kitu kisichotembea. Angelikimbia kanisa pia, na mlima.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo, na siombi makubwa. Mrudi Jumamosi ijayo, wote, mkitembea polepole. Shangazi Laurentine aliguse gari kwa mkono wake mbele ya mashahidi, alisalimie na kuliomba msamaha kwa jina. Linaitwa Adolphine, kama marehemu mama mkwe wangu, kwa kuwa wote wawili walihamia kwangu bila kusema wataondoka lini. Siku ya harusi, maharusi waketi ndani ya Adolphine na ukoo wenu ulivute kwa kamba hadi kanisani, msemaji akiwa mbele kabisa, ili mji wote uone kwamba mmepona. Na mjukuu wetu wa kwanza alale humo usiku mmoja, apate kuzoea mapema, asije akarithi miguu ya upande wenu.

Nisalimie mama Clovis, nisalimie msemaji na koti lake, nisalimie wote kwa kadiri watakavyoendelea kurudi nyumbani. Hapa sisi wazima, isipokuwa binti yangu, ambaye moyo wake mmeubeba mkikimbia nao.

Mimi ambaye bado najihesabu kuwa ndugu yenu,
Ephraïm Chomba,
fundi mstaafu, baba wa Syntiche

P.S. Papa Adalbert, nafungua tena bahasha. Adolphine amewaka! Nilikuwa ndiyo kwanza nimeifunga, nikasikia mngurumo uani, na sikungoja kuuliza: nilikimbia, Papa, nikampita Honorine njiani. Nilipothubutu kugeuka, nikamwona Syntiche kwenye usukani, anacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, na Clovis wako amejaa grisi hadi masikioni. Kumbe Jumapili zote hizo walikuwa na kazi yao kwenye injini. Binti yangu akanipigia kelele: «Papa, kama banaogopa kukuya, shiye tutabafwata kwabo!» Wametoka kuja kwenu, na geti langu wametoka nalo. Namtuma mtu wa pikipiki na barua hii, Mungu akipenda atawatangulia. Nakusihi, fungua geti lako lote, mpokee binti yangu kwa furaha, usimgeuzie mgongo. Kisha kimbieni. Breki sijaziweka bado.