Mlezi wa Wasio na Ndoa

Jumatatu, 4 Agosti

Kurwa kaanza kufunga mizigo. Binti yetu Agripina anatarajia kujifungua huko Dodoma, na mama yake anakwenda kumlea. Miezi mitatu, anasema. Dada yangu naye alikwenda Tabora kulea uzazi kwa miezi mitatu. Mjukuu yule sasa ana ndevu, na dada yangu hajarudi.

Mtu mzima hamlilii mkewe asiende kumwona mjukuu. Nilitoka nikakaa barazani, hapa kwetu Kiembe Samaki, nikafikiri. Nyumba ya vyumba vinne. Tulijenga kwa ajili ya watoto, watoto wakaondoka, tukabaki wawili tunaitana kutoka chumba hadi chumba. Sasa nitamwita nani?

Kufika jioni mpango ukawa tayari. Jumamosi kanisa linaandaa dansi ya vijana wasio na ndoa, na Padri anatafuta mume na mke wa makamo wasaidie. Nikampigia. Nikamwambia Mama Agripina ana hamu kubwa ya kuwa mlezi wa vijana, ila anaona haya kusema. Tena si siku moja, mwaka mzima. Padri akanibariki kwa simu. Mlezi wa mwaka mzima atasafiri vipi? Hasafiri.

Jumanne, 5 Agosti

Padri alimpigia Kurwa kumshukuru. Kurwa akaja kuniuliza yeye kaanza lini kuona haya. Swali la haki. Ndiye aliyemwambia Askofu, mbele ya meza kuu, kwamba mahubiri yake yamepoza wali.

Amekubali Jumamosi tu. Kasema waziwazi: "Jumamosi ntakusaidieni, Jumanne nnapanda boti." Mpango wangu umekatika katikati.

Lakini mwenye akili halali njaa. Kwetu kanisani wachumba wakitaka kuoana huomba mume na mke wawe wasimamizi wao. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na muda wote huo wasimamizi hukaa na wachumba kuwafundisha. Wote wawili, mume na mke. Basi wakipatikana wachumba Jumamosi, wakatuchagua sisi, Kurwa hana pa kutokea.

Kikwazo ni Hilari Mkadam, mzee wa kanisa. Yeye na mkewe wamesimamia nusu ya ndoa za mji huu, na picha zote kazitundika sebuleni. Ukenda kwake kunywa chai, maharusi wanakutazama kutoka kila ukuta, chai haipiti. Safari hii nitamwahi.

Alhamisi, 7 Agosti

Maandalizi katika ukumbi wa kanisa, Mji Mkongwe. Nimeshachagua wachumba. Elisha, fundi wa mafriji, kijana mpole, na Filomena, muuguzi. Hawajui bado.

Wali utakuwa wa nazi, na jikoni kuna mbuzi mbili za kukunia. Nikaificha moja chini ya jukwaa. Nikawapa Elisha na Filomena nazi zote, nikawaambia wapokezane. Watu wawili, mbuzi moja, lazima wazungumze. Hesabu nyepesi.

Elisha akakaa akakuna zote mwenyewe. Filomena akaenda kupuliza maputo upande wa pili kabisa wa ukumbi. Hawakutazamana hata kwa bahati mbaya. Sijapata kuona vijana wasiopendana namna ile.

Kisha Mkadam akaingia chini ya jukwaa kupitisha waya, akatoka na mbuzi mkononi. Akaiinua juu watu waione, akauliza nani mwizi. Nikasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Kurwa akanitazama, na mimi nikawa na kazi ya kufagia.

Jioni nilikula peke yangu. Kurwa alikuwa kwenye simu na Agripina, wanacheka. Nikasimama mlangoni kidogo, labda wangenipa nami nisalimie. Nikauliza wanacheka nini. Kurwa akasema mambo ya uzazi, nisingeelewa. Nikaenda kuosha sahani yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ambayo sitaki kuiandika. Naiandika.

Dansi ilianza baada ya alasiri. Wavulana ukuta huu, wasichana ukuta ule, katikati sakafu tupu. Mkadam alikuja na filimbi shingoni na Biblia kubwa ya kusomea kanisani. Sharti lake ni kwamba kati ya mvulana na msichana lazima Biblia ipite. Na akawa anaipitisha kweli. Nani angethubutu kucheza?

Mimi nilikuwa mlangoni, Kurwa kwenye meza ya chakula. Nikaacha mlango wangu. Nikamshika Elisha kiwiko, nikampeleka hadi kwa Filomena, nikawaambia wamsitiri Padri, aibu hii. Wakacheza. Walicheza vizuri mno, hakuna aliyemkanyaga mwenzake, na wengine nao wakaingia. Ukumbi ukajaa, na kazi ile yangu!

Nikaenda kujisifu kwa Kurwa. Muziki ulikuwa juu, spika iko karibu na meza, hasikii kitu. Nilitaka kumwambia, wale watazame, wale ni wetu. Lakini alikuwa kainama anapakua, kanga imemteleza begani, jasho usoni, na mimi nikaona meza ile bila yeye. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia asiende Dodoma. Akatega sikio, hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele:

"Usiende, Kurwa! Mimi ntakaa na nani mle ndani?"

Ilikuwa magharibi. Kila mkaazi wa Mji Mkongwe anajua kwamba adhana ikianza, muziki unazimwa. Mwenye mitambo alizima papo hapo. Swali langu likabaki peke yake, ukumbi mzima.

Na misikiti ya mjini haimalizi pamoja. Huu unakaribia kumaliza, ule uko katikati, wa tatu ndiyo kwanza unaanza. Watu hunyamaza mpaka zote ziishe, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Basi walinyamaza, wananitazama. Mkadam kaikumbatia Biblia kifuani. Padri kainamisha kichwa, nadhani alikuwa akiniombea. Kurwa alikuwa anautazama mwiko.

Muziki uliporudi alinipa sahani ya wali, akaniambia nirudi mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Kurwa alikaa mbele yangu. Kauliza kwa nini neno la nyumbani nimekwenda kulitoa mjini. Kisha kasema Agripina alitutaka wote wawili tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyeogopa kuniambia, kwa sababu kila mgeni anayeingia humu namwambia Dodoma ni vumbi tupu.

"Twende wote, Baba Agripina," alisema. "Na mimi kule sina wa kugombana naye."

Nilifurahi mpaka nikalazimika kutoka uani kuangalia tangi la maji. Tangi lilikuwa zima. Nikarudi nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Nilishaanza hata kujiuliza nichukue koti gani.

Baada ya ibada wakaja Elisha na Filomena. Wamekuwa wachumba kwa siri muda mrefu! Ndiyo maana walikuwa hawatazamani. Jana wamechoka kujificha, na wanatutaka sisi tuwe wasimamizi wao. Filomena kasema mtu anayeogopa kukaa bila mkewe ndiye anayeijua ndoa.

Ningewaambia nasafiri. Nilifungua mdomo niwaambie. Lakini Mkadam alikuwa pembeni, akakohoa, akasema mzee mwenzake anakwenda Dodoma na mkewe, amesikia kwa Mama Agripina, basi yeye na mkewe wako tayari. Akatabasamu. Elisha akageuka kumtazama yeye.

Nikasema safari gani? Mimi siendi popote. Nipo.

Uso wa Mkadam ulivyoanguka! Nikawapa vijana mkono, nikampa na Padri. Nilipogeuka, Kurwa alikuwa nyuma yangu.

Tulipofika nyumbani Kurwa kauliza mara moja tu, "Kwa hiyo huji." Nikamwambia ni Jumapili tatu, kisha nafuata. Kasema baada ya Jumapili tatu ni harusi, na baada ya harusi ni ulezi wa mwaka mzima, nilimwahidi Padri kwa mdomo wangu. Ni kweli, nilimwahidi.

Yeye, Padri kamruhusu aende, kwa ajili ya uzazi. Kasema msimamizi mmoja atatosha.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempeleka bandarini. Nilibeba begi. Nilikuwa na neno la kumwambia, nikamwambia aangalie zipu. Akaniweka sawa kola ya shati, akaingia ndani na watu wengine.

Nimerudi. Kanipikia vya siku kadhaa, kavipanga kwenye friji. Sikula. Nimefungua chumba kimoja kimoja, nikatazama, nikafunga. Nina huzuni, na hakuna wa kumficha.

Jumamosi, 16 Agosti

Mjukuu kazaliwa, msichana, mapema kuliko tulivyotarajia. Nimemwona kwenye simu, kalala, ngumi kaifumba. Ana paji la uso langu. Wote walikuwa wanaongea kwa pamoja, sikumsikia hata mmoja.

Jana nilikuwa na Elisha na Filomena, somo la kwanza. Nimewafundisha kuhusu kumwambia mwenzako lililo moyoni kabla halijaoza. Nilifundisha vizuri. Filomena alifuta machozi.

Leo kwenye simu, Kurwa kasubiri wenzake watoke, kasogeza uso. Kaniuliza kama nimewakumbuka. Nikasema kazi nyingi, sina nafasi. Kasema Agripina yuko tayari, arobaini ikiisha, waje wote huku na mtoto, wakae. Ila niseme mwenyewe kwamba nawataka. Neno moja tu.

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Mtu mzima haombi. Anatumia akili. Jirani yetu Bi Tahiya aliniletea mkate wa kumimina leo asubuhi, akauliza hali yangu mara tatu, na najua anampigia Kurwa kila siku. Akiniona sitembei sawasawa, habari itafika Dodoma kabla ya adhuhuri. Kurwa atakuja mwenyewe, sitakuwa nimeomba kitu. Sijui kwa nini sikuliona hili mapema.

Kesho naanza kuchechemea. Mguu wa kushoto, nadhani.