Tsuba ya Babu Chini ya Sukuma

Jumatatu, 9 Juni
Ndeti, mshindani wangu wa mtaa wa Fedha, atanitoa roho. Leo amepiga simu kunikumbusha, ati nisije nikasahau, kwamba yeye ana tsuba nne na mimi nina moja. Tsuba ni kile kisahani cha chuma kinachokinga mkono kwenye upanga wa samurai. Zake anadai alizikuta chini ya viti vya magari ya mitumba kutoka Japani. Yangu babu aliitoa vitani Burma, akaileta hapa Kaloleni ndani ya soksi. Hiyo ndiyo historia! Lakini moja ni moja. Hasira zikanipanda, tukawekeana dau. Jumamosi Mzee Wathome, fundi mstaafu wa vyuma vya kale, atazikagua. Mwenye nyingi za kweli atachagua yoyote ya mwenzake.
Nimekata simu ndipo nikagundua nimeweka dau urithi wa babu. Ghai!

Jumanne, 10 Juni
Nimeenda kwa Kweyu, shemeji yangu, fundi wa jua kali. Nimempa mchoro wa tsuba, amenikatia tano kabla ya chai ya saa kumi. Nzuri sana, ila zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Nimemwapisha asimwambie Triza, mke wangu, ambaye ni dada yake. Ameapa. Amecheka pia, sijui kwa nini.

Jumatano, 11 Juni
Natafuta kutu ya miaka mia mbili, nina siku tatu. Nikafikiria. Nyanya yangu alikuwa akigandisha maziwa mapya kwa kutia kijiko cha maziwa ya jana. Kutu nayo je? Triza alipoenda kwa akina mama wa kanisa, nilizika zile tano kwenye bustani yake ya sukuma wiki, pamoja na chumvi na siki. Katikati nikaweka ya babu kutoka kasha lake, iwaambukize wenzake. Niliiona nyepesi kidogo, na kutu yake imepungua. Labda Triza ameipangusa. Hata hivyo, ile ningeitambua hata nikifumbwa macho.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa! Nimerudi kutoka kazini nikakuta Triza amepalilia. Zote sita amezifukua, amezisugua kwa majivu na stilwaya, amezianika juani pamoja na vikombe. Zinafanana kama mayai. Ya babu ni ipi? Sijui! Nimekaa juu ya ndoo nikalia kabisa. Triza ameniuliza, Baba Wekulo, kama ni vitu vya maana, vilitafuta nini kwenye sukuma yangu?

Jumamosi, 14 Juni
Ndeti amekuja amevaa tai. Mzee Wathome alizishika zangu moja moja, akazinusa, akazigonga kwa kucha. Akasema zote sita ni za juzi. Zote! Ina maana babu alitudanganya miaka yote hiyo? Ndeti alikuwa ameshaanza kuchagua.
Kisha mzee akageukia za Ndeti. Alicheka mpaka akavua miwani. Mbili ni sahani za klachi ya pikipiki, moja ni washa ya nati ya trela, na ya nne ni kifuniko cha bomba. Sifuri kwa sifuri! Hakuna wa kuchukua cha mwenzake. Ndeti ameondoka bila kumaliza chai.
Nimebaki nikimwomba babu msamaha kwa sauti. Triza akaingia jikoni, akatia mkono kwenye debe la unga, akatoa tsuba. Ya babu! Nyeupe kwa unga, kutu yake yote salama. Kweyu alimwambia kila kitu Jumanne ile ile, akamtengenezea ya sita iliyopakwa vumbi la kutu, ya kuweka kwenye kasha. Nimemkumbatia Triza majirani wakiona. Nimeshukuru Mungu. Nimeapa sitaiweka dau tena maishani. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 15 Juni
Mahubiri yalikuwa marefu, nikapata muda wa kuwaza. Ndeti ana sifuri. Mimi ninayo moja ya kweli. Kumbe jana nilishinda! Nimempigia simu, turudie Jumamosi ijayo, dau lile lile. Hili si dau, ni ushindi wa wazi.
Nimelichimba debe hadi chini. Unga mtupu. Triza amesema iko mahali salama, yaani mbali na mimi.
Si neno. Kweyu ameninong'oneza kwamba Ndeti amemwagiza tsuba nane.
Nimeagiza tisa.