Siku ya Kuielewa Pesa

"Umma unatangaziwa kwamba kuanzia leo saa nne asubuhi, pesa itaeleweka."

Tangazo hilo alilitunga Mkurugenzi wa Uelimishaji mwenyewe, na alilipenda sana. Kilichomkera ni dada yake, fundi cherehani, aliyemng'ang'ania tangu asubuhi. Jioni mwenye jengo angemfungia karakana kwa kodi ya pango aliyokuwa hajalipa, na benki ilishamwambia hakuna pesa ya kumkopesha.

"Kaka, mwambie Waziri."

"Dada, usinitie aibu. Kaa nyuma."

Katika ukumbi wa wizara, Meneja wa benki hiyo hiyo aliwasha kompyuta kwa onyesho. Mkopaji wa mfano alikuwa Waziri, kwa kuwa wizarani hakuna mfano unaoruhusiwa kumzidi Waziri cheo. Alitia saini mkataba wa mkopo bila kuusoma. Kusoma ni kazi ya walio chini yake.

"Nimemkopesha Mheshimiwa milioni kumi," Meneja alisema, akabonyeza. "Sikuzitoa kwenye akaunti ya mtu. Benki ikikopesha, inaandika tarakimu kwenye akaunti ya mkopaji, na pesa mpya imezaliwa. Akilipa, inatoweka."

"Kumbe!" fundi akapaza sauti. "Na mimi mliponiambia haipo, vidole vilikuwa vinauma?"

"Hukuwa na dhamana, mama."

Ukumbi uliangua kicheko. Mkurugenzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Waziri aliona kamera, akasimama.

"Pesa ya kubonyeza haimuumizi mtu. Mpe huyu mama hizo zangu zote!"

"Zote, Mheshimiwa?"

"Bonyeza!"

Simu ya fundi ikalia. Hakungoja hotuba, alitoka mbio kwenda kwa mwenye jengo. Mkurugenzi alifurahi mpaka machozi yakamlenga, ingawa furaha hiyo haikuwemo kwenye ratiba.

Makofi yalipokwisha, Waziri alimwinamia Meneja. "Onyesho limekwisha. Futa."

"Itafutika ukishalipa, Mheshimiwa. Pamoja na riba. Dhamana ni nyumba yako."

"Si umesema umeiandika tu?"

"Ndiyo. Na wewe umeitumia."

Waziri alimgeukia Mkurugenzi, jasho likimtiririka. "Toa tangazo sasa hivi. Sema ile haikuwa pesa ya kweli."

Mkurugenzi alichukua kalamu, akasita.

"Nitatangaza, Mheshimiwa. Ila mshahara wako nao huingia kwa kuandikwa hivyo hivyo kwenye kompyuta. Nitangaze kwamba nao si wa kweli?"

Waziri alimuuliza Meneja, kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona wizarani, riba ni asilimia ngapi.