Pete ya Kukunjia Mabomba

Mkewe alikuwa amerudi kwao, na mama mkwe alishakata shauri: binti hatoki bila friji. Kwa hiyo Asali, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake na si kwa tabia, alipopita kwenye duka la mafriji ya mtumba na kumwona mama mwenye duka akilaani bomba la shaba lililombonyea mkononi, alimshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake alirudi na boksi la pete za pazia zilizong'arishwa.

"Shikamoo, mama. Bomba ukilikunja linabonyea, sivyo?"

"Marahaba. Linabonyea, natupa."

"Basi ulikuwa unatupa."

Akavisha pete kwenye bomba alilokuja nalo, akalikunjia gotini. Likapinda taratibu, likatoa duara safi lisilo na kovu. Elimu yote ilikuwa ndani: bomba lilishindiliwa mchanga, ncha zikazibwa kwa nta. Pete ilikuwepo kama mgeni rasmi tu.

Mama alimeza mate. "Nani mwingine anazo mjini?"

"Ukichukua boksi zima, hakuna."

"Pesa sina, mwanangu. Beba friji lile."

Asali akakunja uso kama aliyeonewa. Akalichomeka: taa ikawaka, mota ikanguruma. Mtu anayekula kwa maneno huamini kelele, naye akaita mkokoteni haraka.

Kwa mama mkwe friji lilipokewa kwa vigelegele, mkewe akaanza kufunga mizigo. Hadi jioni maji yaliyowekwa ndani yalikuwa bado vuguvugu. Asali akajibanza ukumbini na kumpigia simu mama mwenye duka.

"Mama, friji haligandishi."

"Najua. Bomba la nyuma limebonyea. Si una pete wewe?"

"Mama, tafadhali."

"Mchanga wako nimeshaufagia, baba. Na pete zimekaa vizuri kwenye mapazia yangu."

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa nyuma yake, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa.

"Kumbe mkwe wangu una pete ya mabomba?"

Mazoea yana taabu. Asali alijibu kabla hajafikiri: "Hakuna iliyo bora kuliko yangu mjini, mama."

"Vizuri. Basi litengeneze. Siku maji yakiganda, mkeo utamchukua."

Asali akapiga magoti nyuma ya friji, akalitazama lile bomba, nalo likamtazama. Chumbani mkewe alifungua sanduku, akaanza kurudisha magauni kabatini.